Dawa Haikushindwa

Saverio alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji akiwa na sare yake ya polisi, mkewe, Ayot, amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Ayot hakuwa amewahi kumwona mwanaume mzima amepiga magoti nje ya kanisa. Alidhani ameangusha kitu.

"Nimekukosea," Saverio alisema. "Nimeleta ugonjwa nyumbani."

Akaeleza huku macho yake yako kwenye ungo. Alipopangiwa zamu Ggaba, kwenye mwalo wa samaki, alikwenda na mwanamke mmoja Mkongo, muuza samaki, jina lake Emérence. Mara moja tu, na pombe ilikuwamo. Sasa haja ndogo ilimkata kama wembe, na usaha ulimchafulia nguo. Kliniki moja ndogo huko Mengo walimwambia ni kisonono. Walimchoma sindano na kumwagiza amlete mkewe.

"Nipige ukitaka," alisema. "Nenda kwa padri ukanishtaki. Ila kwanza twende ukatibiwe."

Ayot aliendelea kuchambua mboga. Alichojua yeye, mumewe hakukijua. Maumivu ya chini ya kitovu na uchafu usio wa kawaida vilimwanzia yeye mapema, kabla Saverio hajawahi kupangiwa zamu yoyote Ggaba. Ugonjwa haukutoka kwa muuza samaki. Ulitoka kwake, Ayot, na alijua ameupata kwa nani. Angeweza kusema pale pale. Badala yake alisema, "Inuka, majirani watakuona," na Saverio akainuka, akapangusa magoti, akamshukuru.

Walikaa kwenye kota za polisi upande wa Nakawa, Kampala, chumba kimoja na jiko nje. Saverio alikuwa Mualur kutoka kando ya Nile, mtu mpole kuliko sare yake. Ayot alikuwa Muacholi kutoka Kitgum. Lugha zao zilikaribiana hata wakaweza kuoana bila mkalimani, kama wenzao walivyowatania. Mtoto bado hajaja, na majirani walikuwa wameshaanza kuuliza.

Kliniki ya Mengo ilikuwa nyumba ya mabati yenye benchi refu barazani. Daktari wake alikuwa mwanamke, Nabwire, mtu wa Busia, mfupi, mwenye haraka ya maneno. Kiswahili hakikumkaa vizuri, kwa hiyo alikuwa na mkalimani, mama wa makamo aitwaye Kahambu, aliyekimbia vita huko Butembo na kuwakuta Kampala Wakongo wenzake wakiuza vitenge na dagaa. Kahambu alizungumza Kiswahili na wake za polisi, na wake za askari, na wafanyabiashara wa kwao. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa ya utafiti, lakini neno lenyewe alijifunza mapema kutolitamka. Siku hizo, mtu wa Kampala akisikia utafiti alifikiria idara ya usalama iliyoitwa hivyo, wanaume wa miwani myeusi wanaotia watu kwenye buti ya gari mchana kweupe. Wagonjwa wawili walikwisha kulisikia wakatorokea dirishani.

"Daktari anataka kujua kama dawa bado inaponya," Kahambu alimweleza Ayot. "Watu wananunua vidonge sokoni, wanameza viwili leo, viwili wiki ijayo. Ugonjwa unazoea. Sasa tunachoma sindano, halafu tunapima tena, tuone kama wadudu wamekufa. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

"Usilale na mume mpaka urudi tukupime. Na daktari anauliza, samahani kwa swali hili, kuna mwanaume mwingine zaidi ya mume? Tukimwacha mmoja bila dawa, kazi yote ni bure."

Saverio alikuwa barazani, kofia mapajani. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo Ayot aliona mabega yake.

"Mume wangu tu," alisema.

Alichomwa sindano mbili, moja kila upande, dawa nzito iliyoingia polepole. Njiani kurudi Saverio alimshika mkono kila penye mtaro, kana kwamba yeye ndiye mgonjwa aliyeonewa, na Ayot alitamani autoe mkono ule lakini hakujua angetoa sababu gani.

Ukweli wa Ayot ulianzia kwa kaka yake. Olweny alikuwa askari jeshini, fundi wa magari, tumbo moja na Ayot, ndiye aliyemlipia nauli ya kuja Kampala. Baada ya mapinduzi, askari wa Kiacholi na wa Kilango walipoanza kuitwa majina na kupandishwa malori, Olweny alisema yeye hana neno na mtu, yeye ni spana tu. Asubuhi moja alichukuliwa akiwa chini ya gari, miguu imetokeza nje. Ndivyo alivyosimulia mwenzake, kisha mwenzake naye akapotea.

Ayot alianza kwenda kwenye lango la kambi ya jeshi alikodhani amefungwa, mahali wanawake wengi walipokaa na vikapu vyao kwenye nyasi, kimya, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake. Saverio alimwambia, akawa mkweli, kwamba yeye ni konstebo tu, akiuliza sana watamuuliza na yeye. Akamwomba Ayot asiende. Ayot akaenda akisema anakwenda sokoni.

Langoni alikuwako sajini mmoja. Huyo alimwita siku ya tatu au ya nne.

"Wewe mama, kuja hapa. Unatafuta nani?"

"Kaka yangu, Afande. Olweny."

"Olweny. Fundi." Sajini alitikisa kichwa. "Iko. Mimi naweza pelekea yeye chakula."

Ayot alimpa kikapu, mkate wa mtama na samaki wa kukaushwa. Siku iliyofuata Sajini alirudisha bakuli tupu. "Anakula vizuri. Anasalimia wewe." Kisha akamwonyesha chumba nyuma ya stoo ya mafuta, akamwambia kwamba chakula hakijipeleki chenyewe.

Alikwenda. Hakupigwa wala hakuburutwa, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba alikwenda kwa miguu yake na kuvua kitambaa chake kichwani mwenyewe na kukikunja. Alikwenda tena, na tena. Kila bakuli lililorudi tupu lilimpa nguvu ya kupika lingine. Alipokuwa mle chumbani alifikiria taya la Olweny linavyotafuna, kwa sababu kuna kitu alihitaji kukifikiria.

Hata baada ya sindano za Mengo alikwenda. Kama asingekwenda, kaka yake asingekula.

Aliporudi kliniki kupimwa, Saverio alikutwa hana kitu. Yeye alikutwa nacho bado.

Daktari Nabwire alirudia kutazama kwenye hadubini. Akauliza kwa Kiingereza, Kahambu akageuza: Je, alifuata masharti? Saverio akajibu kabla yake. Alikuwa analala chini kwenye mkeka tangu siku ile, alisema, hajamkaribia mkewe kitandani. Akaanza kulia. Ugonjwa alioleta yeye umemwachia yeye na kumng'ang'ania mkewe asiye na hatia, alisema, na kama mtoto hatapatikana ni yeye aliyemuua kabla hajaumbwa.

Ayot aliutazama ukuta. Kulikuwa na mjusi.

"Si yeye peke yake," daktari alimwambia Kahambu, naye Kahambu, kwa mazoea, akatafsiri hata maneno yasiyowahusu. "Wako wanawake wengine. Dawa ile ile, wanaume zao wanapona, wao hawaponi. Itabidi niandike kwamba kwa wanawake dawa hii imeshindwa. Nitawaongezea kipimo. Sijui nitaipata wapi, stoo imebaki chupa za kuhesabika kwa vidole."

Walipotoka barazani Ayot alimwona mmoja wa hao wengine. Alikuwa Lamunu, mke wa askari magereza, aliyekaa naye mara nyingi kwenye nyasi za lango la kambi, akimtafuta mdogo wake. Macho yao yalikutana. Lamunu akainama kama anatafuta kitu kwenye kikapu chake, na Ayot akapita, na wote wawili wakaelewa.

Saverio hakuweza kutulia. Kwa kuwa daktari alitaka kila aliyehusika aletwe, alikwenda Ggaba na sare yake, akamkuta Emérence mbele ya meza yake ya sangara. Hakuwa mtu wa makelele, lakini mwaloni hakuna pa kunong'ona, na mvuvi mmoja alisikia neno ugonjwa, na kabla jua halijapanda sawasawa wateja walikuwa wanazunguka meza ya Emérence kwa mbali. Mwenye mtumbwi aliyekuwa akimkopesha samaki, Kakule, mtu wa kwao, akampa samaki mwanamke mwingine.

Emérence alikuja Mengo mwenyewe. Ayot alikuwa kwenye benchi akingoja sindano zake za pili alipomwona mwanamke mrefu, kitenge kimefungwa kwa hasira, magamba ya samaki bado yamemshika mkononi. Alipimwa. Alipotoka alisimama katikati ya baraza.

"Sina kitu," alimwambia Saverio, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Daktari amesema sina, na sikuwahi kuwa nacho, maana mimi sijameza dawa yoyote. Wewe ulikuja kwangu umekwisha beba mzigo wako, na Mungu ndiye aliyeniepusha. Haya. Nani atanisafishia jina langu Ggaba?"

Saverio alitazama huku na huku kama mtu aliyeambiwa hesabu isiyojumlishika. Kisha, polepole, alimgeukia mkewe, na bado hakumshuku. Alimtazama kama anayeomba msaada. Hilo ndilo lililomvunja Ayot. Aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akatapika kwenye migomba.

Kahambu alimfuata na kopo la maji. Alisubiri anawe.

"Dawa yenu haijashindwa," Ayot alisema.

Kahambu aliketi kwenye jiwe la kufulia.

"Mwambie daktari asiandike hivyo. Dawa inaponya. Ni mimi ninayerudi kuuchukua ugonjwa." Akasema yote, lango, kikapu, chumba nyuma ya stoo ya mafuta. Alisema akiwa amempa mgongo, akizungumza na mgomba. Jina la Sajini hakulitaja, na Kahambu hakulidai. Wote wawili walijua kwamba hakuna kliniki Kampala yenye ubavu wa kumwita mtu yule aje apimwe.

"Na wale wengine wasiopona?" Kahambu aliuliza baadaye.

"Lamunu ni wa lango lile. Wengine sijui."

Kahambu alivuta pumzi. "Mama, nitakuuliza kitu, usinichukie. Hiyo salamu ya kaka yako. Umewahi kupata neno moja ambalo ni yeye tu anaweza kulisema?"

Ayot alitaka kumpiga. Alikuwa amejizuia kuuliza swali hilo tangu bakuli la kwanza.

Alipika kwa mara ya mwisho, mkate wa mtama na mboga za simsim alizozipenda Olweny. Langoni alimwambia Sajini, "Afande, kabla ya chakula, naomba kaka yangu anitajie jina ambalo mama alimwita tulipokuwa wadogo. Ni jina la kuchekesha. Anitajie nicheke."

Sajini alikunja uso, akaenda nyuma ya kibanda cha mlinzi, akakaa kidogo, akarudi.

"Anasema mama aliita yeye Olweny tu. Anasema leta sigara."

Mama yao alimwita Bwana Kuku, kwa sababu akiwa mtoto alikuwa akikimbilia kulala bandani na kuku akiogopa radi. Na sigara hakuwahi kuitia mdomoni.

Ayot alijibu, "Asante, Afande." Akarudi kwenye nyasi walipokaa wanawake, akafungua kikapu katikati yao.

"Kuleni," alisema kwa Kiacholi. "Mwenye chakula hiki hayupo."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wengine walikuwa wanamjua kutoka kwao, mmoja aliimba naye kwaya Kitgum. Ayot alihisi uso unamchoma kama amekaa karibu na tanuri. Alijua akilisema hili halitarudi mdomoni, litapanda basi hadi kwa mama yake. Akalisema.

"Nimekuwa nikienda na yule kwenye chumba cha nyuma. Si mimi peke yangu, na sitauliza nani. Ana ugonjwa. Kama una maumivu chini ya kitovu, kama unatokwa na uchafu, au kama huhisi chochote lakini umekwenda naye, una huo ugonjwa. Unaziba njia ya mtoto. Unampofusha mtoto akizaliwa. Unaupeleka kwa mume wako."

"Unasema nini huko?" Sajini alipiga kelele kutoka langoni, mkono kwenye bunduki.

Lamunu ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa.

"Anaomba, Afande. Anaombea wafu."

Na akainamisha kichwa, akafumba macho. Mmoja akafuata, kisha mwingine, mpaka vitambaa vyote vikawa vimeinama. Ayot akabadilisha sauti, bado kwa Kiacholi, akaivuta kama wanavyovuta litania. "Kuna kliniki Mengo yenye benchi refu," aliimba. "Muulizeni mama Kahambu. Hatawauliza jina la mtu. Sindano ni mbili, na msirudi kwa yule tena, maana mkirudi mnaanza upya. Na salamu anazowaletea, muulizeni jambo ambalo ni mtu wenu tu anayelijua." Pale wengi waliitikia Amina, na wengine walikuwa wanalia kweli. Mwanamke wa kwaya aliinuka, akatema mate karibu na mguu wa Ayot, akaondoka na kikapu chake kikiwa kimejaa.

Siku hiyo hiyo Ayot alimwambia Saverio. Alimsubiri avue viatu. Alimweleza akiwa amesimama, kwa kuwa kukaa aliona ni raha asiyostahili. Saverio alisikiliza habari za Sajini akiwa ameshika kiatu kimoja, na Olweny alipotajwa kuwa amekufa aliweka kiatu chini na kusema pole, kwa dhati, kama shemeji.

"Ulichofanya langoni nakielewa," Saverio alisema. "Mimi niliogopa kwenda, ukaenda wewe. Lakini uliniacha nipige magoti. Siku ile, pale, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Nikamdhalilisha yule mwanamke mbele ya watu, na ulikuwa unajua."

Saverio alivaa viatu upya na kutoka. Baadaye aliomba uhamisho, akapelekwa Moroto, na hakumwambia aje wala asije.

Mengo, daktari Nabwire alifuta alichokuwa ameandika. Wanawake wa langoni walifika mmoja mmoja, wakatibiwa, wakapimwa, na walioacha kwenda kwa Sajini walikutwa wamepona kwa kipimo kile kile cha zamani. Ayot naye alipona. Sajini mwenyewe hakuguswa na mtu. Alihamishwa au alipandishwa cheo, habari zilitofautiana.

Lilibaki la Emérence. Ayot alizunguka siku nyingi kabla ya kupanda teksi ya Ggaba. Alimkuta kwenye meza yake, samaki wamejaa, wateja wamejaa.

"Mimi ni mke wa Saverio," alisema.

"Nakukumbuka. Ulikuwa kwenye benchi." Emérence hakuacha kuparua magamba. "Mumeo alikuja kabla hajasafiri. Alisimama pale penye mizani, na sare, akatangaza kwamba mimi ni mzima na kwamba mkosaji ni yeye. Kakule akanirudishia samaki siku ile ile. Nilimuuliza, sasa ugonjwa uliutoa wapi? Akasema hajui."

Ayot alishika ukingo wa meza. Saverio alijua. Alijua yote, na alisimama mbele ya wavuvi na wachuuzi akajibebesha kosa, bila kutaja jina la mkewe. Hakuna tusi ambalo lingemshusha zaidi ya hapo.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Naye alijua."

Kisu cha Emérence kilisimama. Alimtazama Ayot kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu.

"Basi alikustahi kuliko ulivyotustahi sisi," alisema, na kumgeukia mteja aliyekuwa anauliza bei.

Saverio alirudi mvua za mwaka uliofuata, na begi lake na vumbi la Moroto kwenye kikohozi, akaingia ndani bila maelezo. Waliishi. Walizungumza habari za chumvi na sukari na nani amechukuliwa. Kitanda walirudi kulala pamoja, kwanza kwa sababu mkeka ulikuwa umeliwa na mchwa. Mtoto hakupatikana, na hakuna aliyeuliza tena kwa sauti.

Kahambu alikuwa akimtumia ujumbe kila alipofika mwanamke mpya kutoka lango lile au la kambi nyingine asiyetaka kusema. Ayot alikwenda, akaketi naye kwenye benchi refu, akaanza kueleza yaliyompata yeye. Aliyaeleza mara nyingi sana miaka ile. Haikumwia rahisi hata mara moja. Kila alipofikia kwenye kile chumba, uso ulimwaka, sauti ikashuka, na ikambidi ameze mate ndipo aendelee.